Kizuri Chajiuza: Kasuku Wadogo na Rekodi Zao, Kutoka Old Moshi

Ukisimama Kidia, Old Moshi, ukatazama kaskazini, vihamba vya migomba na kahawa vinapanda mpaka ukingo wa msitu, na juu ya msitu ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama hakijajifunika. Geuka kusini: mlima unashuka hadi tambarare kavu ya migunga na mibuyu, na upande wa kusini-magharibi, mbali kuliko jicho linavyofika, ni Simanjiro na Tarangire. Katika eneo hilo, kuanzia baridi ya msituni hadi jua kali la nyika, wanaishi kasuku ambao wengi wetu hatuwajui hata kwa sura. Kwetu kasuku ni yule wa kijivu aliyemo kwenye kizimba cha tajiri, anayeitikia salamu.

Dunia nayo ikitaja kasuku huwaza Amerika ya Kusini: macaw wenye mikia mirefu na vikasuku vya kijani vya Amazon na Andes. Si vibaya, kwa sababu bara hilo lina aina nyingi mno. Lakini kasuku wa kwetu, hata wale wanaoenea kiganjani, wana rekodi zao. Nyingine wamezaliwa nazo. Nyingine tumewabebesha sisi binadamu, na katika hizo imo iliyo kubwa kuliko zote, inayomhusu ndege wa Tanzania mwenye uzito usiozidi gramu 60.

Anayeishi juu kuliko wenzake: kasuku paji-jekundu

Tuanze kwa jirani wa karibu. Kasuku paji-jekundu, ambaye wataalamu humwita Poicephalus gulielmi, ndiye kasuku wa misitu ya milimani. Wale wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, pamoja na Kilimanjaro na Meru, ni nasaba yao ya peke yao, iliyoelezwa mwaka 1884 na Wajerumani wawili, Gustav Fischer na Anton Reichenow, na kupewa jina la Wamasai. Katika Tanzania hakuna kasuku anayeishi juu kumshinda: huonekana hata zaidi ya meta 3,000 kutoka usawa wa bahari.

Si mdogo sana, sentimeta 28 hivi kutoka mdomo hadi ncha ya mkia. Mwili ni wa kijani, na manyoya ya mgongoni ni meusi yenye kingo za kijani, kiasi kwamba akitulia juu ya mti humwoni. Anayekujulisha kwamba yupo ni sauti. Alfajiri kundi hutoka mahali lilipolala na kupita juu kabisa ya msitu, kwa kasi, likipiga kelele za kukwaruza. Ukiinua kichwa limeshapita. Akitua mahali penye mwanga ndipo utaona pambo lake: paji la uso lenye wekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, na wekundu huohuo kwenye pindo la bawa na mapajani. Kinda hana paji hilo. Anatoka kiotoni akiwa kijani na kahawia tu, na wekundu huja kadiri anavyokomaa.

Chakula chake ni mbegu na matunda ya miti mirefu, hasa mipodo na mizeituni ya porini, na kiota chake ni tundu kwenye mti mzee. Kwa hiyo maisha yake yamefungwa na miti mikubwa, na kwa miti mikubwa Kilimanjaro ina rekodi yake: mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp na wenzake walitangaza mti wa jamii ya mkangazi, Entandrophragma excelsum, uliopimwa meta 81.5 katika bonde moja la mlima huu. Ndio mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa na kuandikwa Afrika. Upande wa pili wa rekodi hiyo si wa kujivunia. Uchunguzi wa msitu wa Kilimanjaro uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulihesabu zaidi ya miti 8,000 ya asili iliyokatwa karibuni, zaidi ya nusu yake ikiwa mikulo. Msitu huo uliingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na hiyo ni mojawapo ya sababu paji-jekundu bado ana pa kulala.

Mke na mume wasiovaa sare: kasuku tumbo-chungwa

Shuka sasa kutoka vihamba hadi nyika, upande wa Mkomazi na Tarangire. Huku anakaa kasuku tumbo-chungwa, Poicephalus rufiventris, ambaye makao yake yanaanzia Ethiopia na Somalia, yanapita Kenya na kuishia kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Ana sentimeta 22 hadi 25, mgongo wa kijivu cha udongo na jicho jekundu.

Kasuku wengi huwezi kumtambua dume na jike kwa kuwatazama, hata wafugaji wazoefu hulazimika kupima damu. Huyu anakuondolea taabu. Dume ana kifua na tumbo la rangi ya chungwa iliyoiva, jike ana tumbo la kijani. Wakikaa pamoja kwenye tawi la mbuyu usio na majani, unawatambua ukiwa barabarani.

Mabingwa wa dunia katika hili wako Guinea Mpya na kaskazini mwa Australia. Kasuku wa jenasi Eclectus, dume ni kijani kibichi na jike ni mwekundu mwenye bluu tumboni. Wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 19 waliwaandika kama aina mbili tofauti kwa miaka mingi kabla ya kugundua kwamba walikuwa wakitenganisha mume na mke wake.

Mtanzania asilia: kasuku ukosi-njano

Tarangire hiyohiyo, kwenye mibuyu yake mizee, ndiko mahali rahisi pa kumwona kasuku asiyepatikana kwa asili katika nchi nyingine yoyote duniani. Ni Agapornis personatus, tumwite ukosi-njano. Reichenow ndiye aliyemweleza mwaka 1887, na makao yake ni kaskazini na katikati ya Tanzania, kuanzia nyika za Arusha na Manyara hadi Dodoma na Iringa.

Urefu wake hauzidi sentimeta 15, na kwa vazi lake ni vigumu kumchanganya na mwingine. Kichwa chote ni cheusi cha kuelekea kahawia, kana kwamba amekitumbukiza kwenye sufuria ya masizi. Mdomo ni mwekundu. Jicho limezungukwa na duara jeupe la ngozi tupu, isiyo na unyoya, nalo linamfanya aonekane ameduwaa saa zote. Chini ya weusi wa kichwa inaanza njano safi inayozunguka shingo na kuteremka kifuani, kisha kijani mpaka mkiani. Dume na jike wamevaa sawa.

Magharibi yake, kuanzia Serengeti na Ndutu hadi Usukumani, anaishi binamu yake, kasuku wa Fischer, naye aliyeelezwa na Reichenow mwaka huohuo wa 1887. Jina ni la yuleyule Gustav Fischer, daktari na msafiri aliyekufa mwaka mmoja kabla. Huyu kichwa si cheusi. Paji na mashavu ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, inayofifia kuwa njano shingoni na zeituni utosini, na juu ya mkia ana bluu kidogo inayoonekana anaporuka. Duara jeupe la jicho ni lilelile.

Porini kila mmoja amebaki upande wake. Walipofungwa pamoja na kutoroka pamoja, mpaka ulifutika. Pembezoni mwa Ziwa Naivasha, Kenya, ambako hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwenyeji, kuna makundi makubwa ya machotara wenye kichwa nusu cheusi nusu chungwa. Ukosi-njano waliotoroka vizimbani wamezaliana pia Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa.

Rangi iliyopatikana kwa kupoteza rangi

Mwaka 1927, kati ya ukosi-njano waliosafirishwa kutoka Tanganyika hadi London, mmoja alikuwa bluu. Kichwa kilikuwa cheusi kama cha wenzake, lakini ukosi ulikuwa mweupe na mwili wote wa rangi ya anga. Wafugaji wa Ulaya walimgombania, na ukosi-njano wengi wa bluu walioko vizimbani leo asili yao ni ndege wa aina hiyo aliyetoka porini kwetu.

Bluu hiyo haikuongezwa. Unyoya wa kasuku hauna rangi ya kijani ndani yake. Una vitu viwili: rangi ya njano, na muundo mdogo sana wa vitundu vya hewa unaorudisha mwanga wa bluu machoni kwetu. Bluu ikipita kwenye njano, sisi tunaona kijani. Kasuku akizaliwa bila uwezo wa kutengeneza njano, bluu inabaki peke yake, na pale palipokuwa na njano tupu panakuwa peupe. Ukiuponda unyoya wa bluu, muundo unavunjika na bluu inatoweka, kwa sababu haikuwa wino tangu mwanzo.

Na hiyo njano ni rekodi ya ukoo mzima. Ndege wengine wenye manyoya ya njano na mekundu, kama chiriku, huchota rangi kutoka kwenye chakula. Kasuku huitengeneza mwenyewe, ndani ya unyoya unaoota, na rangi za aina hiyo, ziitwazo psitakofulvini, hazijaonekana kwa ndege wa ukoo mwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa kasuku wadogo wa Australia, kwamba badiliko moja tu katika jeni moja linatosha kuizima njano yote.

Mafundi wa nyumba

Kasuku kwa kawaida hajengi. Anatafuta tundu, anakwangua kidogo, anataga. Bingwa wa dunia aliyekataa utaratibu huo ni wa Amerika ya Kusini, kasuku mtawa, Myiopsitta monachus. Ni wa kijani, mwenye uso na kifua cha kijivu na mabawa yenye bluu, sentimeta 29 hivi, nusu yake mkia. Katika kasuku wote ndiye pekee anayejenga nyumba ya vijiti juu ya mti, tena ya ushirika: kila jozi ina mlango na chumba chake, na wageni huongeza vyumba ubavuni hadi tawi lielemewe. Kwa ufundi huo hakuhitaji miti mizee yenye matundu, ndiyo maana waliotoroka wameweza kuishi New York, Chicago na Barcelona, wakijenga hata juu ya nguzo za umeme.

Wa kwetu wanafuata kwa karibu. Kasuku wa Fischer na ukosi-njano huingia kwenye tundu la mti lakini humo ndani wanajenga kweli, na fundi ni mama. Anashika ganda la mti au jani refu, anaupitisha ukingo katikati ya mdomo akiutoboa tundu kwa tundu katika mstari ulionyooka, kisha anavuta. Unatoka ukanda mwembamba uliokatwa sawasawa. Anaubeba mdomoni, mmoja mmoja, mpaka tundu lijae.

Binamu wa Namibia na Angola, uso-waridi, hukata ukanda vilevile lakini habebi mdomoni. Anaugeuza, anauchomeka kati ya manyoya ya kiunoni, anakata mwingine na mwingine, kisha anaruka na mzigo mzima. Mtafiti William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwapandisha uso-waridi na kasuku wa Fischer, na mwaka 1962 akaeleza yaliyotokea. Mabinti chotara walirithi kazi mbili zisizoelewana. Walikata ukanda, wakajaribu kuuchomeka kiunoni, wakasahau kuuachia mdomo, au wakauchomeka pasipo, ukaanguka. Safari iliyofanikiwa ni ile ya mdomoni tu. Ilichukua takriban miaka mitatu kabla hawajakubali kubeba kwa mdomo, na hata hapo bado waligeuza kichwa kidogo kuelekea kiunoni kabla ya kuruka.

Mpangaji wa nyumba ya mchwa

Magharibi ya mbali, Kagera na Uganda, kuna kasuku kichwa-chekundu, Agapornis pullarius: wa kijani, mwenye uso na mdomo uliowiva wekundu. Tuzo yake ni ya anwani. Jike huchimba chumba chake ndani ya kichuguu kilichojengwa juu ya mti, mchwa wenyewe wakiwa bado wamo. Wadudu hao huziba kuta zilizotobolewa na kuendelea na shughuli zao, na makinda hukua ndani ya joto lisilopanda wala kushuka sana. Wafugaji wa nchi za baridi walihangaika mno kumzalisha huyu, kwa sababu kizimba hakina kichuguu.

Mdogo, mzito, msemaji, mzee

Rekodi za dunia nzima tuzipitie haraka.

Kasuku mdogo kuliko wote ni wa Guinea Mpya, Micropsitta pusio, sentimeta 8 na ushei na gramu 11 au 12. Amerika ya Kusini inajibu kwa vikasuku vya jenasi Forpus, sentimeta 12 hadi 13. Upande wetu wa Bahari ya Hindi anayewakaribia ni kasuku kichwa-kijivu wa Madagaska, sentimeta 13 na gramu thelathini na kitu, ambaye dume tu ndiye mwenye kichwa hicho cha kijivu.

Mzito kuliko wote ni kakapo wa New Zealand. Dume hufika kilo 4, na ndiye kasuku pekee duniani asiyeweza kuruka.

Kwa maneno, kitabu cha rekodi cha Guinness kilimpa tuzo kasuku mdogo wa Australia aliyeitwa Puck, wa California, aliyekufa mwaka 1994 akiwa na msamiati wa maneno 1,728. Kwa akili nyuma ya maneno wengi wangempa Mwafrika: Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na Irene Pepperberg kuanzia 1977 hadi kifo chake mwaka 2007. Alitaja rangi, umbo na idadi ya vitu alivyoonyeshwa, akakataa alichokuwa hakitaki.

Kwa umri, rekodi iliyothibitishwa ni ya Cookie, kasuku wa Australia aliyeishi kwenye bustani ya wanyama ya Brookfield, karibu na Chicago. Alikufa Agosti 2016 akiwa na miaka 83.

Aliyeuzwa kuliko wote

Sasa ile rekodi kubwa. Mwaka 1987, katika ndege wote wa porini waliouzwa na kununuliwa kati ya nchi na nchi, aliyeongoza kwa idadi alikuwa kasuku wa Fischer, na nchi iliyokuwa ikimtoa ilikuwa Tanzania.

Kizuri chajiuza, wahenga walisema, na wafanyabiashara wa miaka ile hawakuhitaji kumtembeza. Ana rangi za tunda lililoiva, anakaa kwa jozi zinazosuguana vichwa kutwa nzima, hajifichi, na anatembea kwa makundi. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza. Mtego mmoja wa nyavu kwenye maji wakati wa kiangazi, au ulimbo kwenye matawi anayotua, hukamata wengi kwa mara moja. Wakulima wa mtama na mahindi wa kanda ya ziwa hawakuwa na sababu ya kumlilia, maana kwao alikuwa mwizi wa shambani. Mtegaji alilipwa fedha kidogo, dalali zaidi kidogo, na bei halisi ilianza baada ya kuvuka bahari. Waliokufa kwenye matenga kabla ya kufika uwanja wa ndege hawakuingia kwenye hesabu yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilifunga mlango wa kumsafirisha ndege huyu. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya, uliokuwa soko kuu, ulipiga marufuku moja kwa moja kuingiza ndege waliokamatwa porini. Mei 2016 serikali ya Tanzania ikazuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwa ujumla, na Juni 2022, ilipotangazwa kwamba mlango ungefunguliwa kwa muda, kelele zilikuwa nyingi na tangazo likasitishwa mara moja. Kasuku wa Fischer bado yupo Serengeti kwa makundi. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda hakubahatika hivyo: zaidi ya milioni moja waliingia kwenye biashara ya dunia tangu miaka ya 1970, na ilipofika 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ulipompa ulinzi wa juu kabisa, msitu wa Kakamega, upande wa Kenya, ulikuwa umebaki na wa kuhesabika.

Aliyerudi kutoka ukingoni

Ipo rekodi ya binadamu iliyo nzuri, nayo ni ya bahari yetu hiihii. Kasuku wa kijani wa kisiwa cha Mauritius, dume mwenye mdomo mwekundu na mkufu wa waridi shingoni, miaka ya 1980 alikuwa amebaki na ndege wasiofika 20 duniani kote. Misitu ilikuwa imekatwa, panya na nyani walikuwa wakila mayai. Watu wakalinda kila kiota, wakalea makinda, wakatundika masanduku ya kutagia pale ambapo miti mizee haikuwepo tena. Leo wamepita 700.

Hapo ndipo pa kujifunza kwa aliyeko Old Moshi. Kasuku, awe wa kizimba cha London au wa juu ya Kidia, anahitaji vitu viwili tu kutoka kwetu: asinunuliwe, na mti mzee wenye tundu usikatwe kwa kuwa eti umekufa. Cha kwanza sheria imekishughulikia kwa kiasi kikubwa. Cha pili sheria haifiki kote, hasa nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye mabonde ya mito na vihamba vya juu, ambako mringaringa au mfuruanje wa babu ni mali ya mwenye kihamba na msumeno ni wa kukodi. Urefu, umri na wingi wa maneno vitaendelea kushindaniwa. Rekodi ya 1987 tuifanye iwe ya kudumu, kwa kuhakikisha hakuna ndege mwingine wa nchi hii anayeivunja.